Kifaa Kipya, Tundu la Zamani: Kasi na Upatanifu wa USB



Mteja ananunua diski ya nje iliyoandikwa USB 3.0, anaichomeka kwenye kompyuta ya ofisini, na kunakili mafaili kunachukua saa zilezile za siku zote. Anarudi dukani akiamini ameuziwa bandia. Bandia zipo, sote tunajua. Lakini mara nyingi diski ni nzima, kompyuta ni nzima, ila viwili hivyo vimekubaliana kuwasiliana kwa kasi iliyowekwa mwaka 2000. Nataka tuelewe makubaliano hayo hufanyikaje, kwa sababu fundi asiyeyaelewa humshauri mteja atupe kifaa kizuri.

Kasi kwenye karatasi na kasi mezani

Toleo la kwanza la USB lilitoka Januari 1996. Wakati huo nyuma ya kompyuta kulikuwa na tundu la kibodi, la kipanya, la printa na la modemu, kila moja na umbo lake, na lengo lilikuwa kuyaondoa yote hayo kwa tundu la aina moja. Kasi zilikuwa mbili: megabiti 1.5 kwa sekunde kwa kibodi na kipanya, na megabiti 12 kwa vifaa vingine. USB 2.0, Aprili 2000, ilipandisha kiwango hadi megabiti 480. USB 3.0, Novemba 2008, ikafikisha gigabiti 5. Baadaye zikaja gigabiti 10 mwaka 2013, 20 mwaka 2017, na 40 kwa USB4 mwaka 2019.

Takwimu hizi ni za biti, ilhali kompyuta hutuonyesha baiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 480 ni megabaiti 60 kwa hesabu tupu. Kwa vitendo, diski iliyo kwenye tundu la USB 2.0 hupata megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, kwa kuwa data hupita upande mmoja kwa zamu, na sehemu ya muda huishia kwenye kuulizana na kujibizana kati ya kompyuta na kifaa. Gigabiti 5 nazo hazizai megabaiti 625: kila biti nane za data husafirishwa kwa biti kumi, hivyo hubaki 500 kabla ya makato mengine.

Chukueni mafaili ya gigabaiti 200, mathalani picha na video za shule za miaka kadhaa. Kwa megabaiti 35 kwa sekunde, kazi hiyo inazidi saa moja na nusu. Diski ya kuzunguka iliyo kwenye tundu la USB 3.0, ikitoa megabaiti 110, huimaliza kwa nusu saa. Tundu la USB la kizazi cha kwanza, linalotoa kama megabaiti moja, litahitaji zaidi ya siku mbili. Angalieni pia kwamba ile diski ya megabaiti 110 imefika mwisho wa uwezo wake yenyewe. Kumuuzia mwenye nayo kompyuta kwa kisingizio cha tundu la gigabiti 10 ni kumpotezea fedha.

Waya tisa

Hapa ndipo penye kiini cha mada. USB 2.0 ina waya nne: wa umeme wa volti 5, wa ardhi, na jozi moja ya data. Waliobuni USB 3.0 hawakuigusa jozi hiyo. Waliongeza waya tano pembeni yake: jozi ya kupeleka, jozi ya kupokea, na ardhi ya ziada. Kwa hiyo tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi huwa la bluu, si tundu la zamani lililoharakishwa. Ni mifumo miwili iliyokaa nyumba moja, kila mmoja na mlango wake. Kifaa cha zamani hupita mlango wa zamani na kubaki na kasi yake ileile. Kibodi ya megabiti 1.5 itabaki ya megabiti 1.5 hata ukiichomeka kwenye tundu la kisasa kuliko yote.

Huu ni ubunifu wa kuheshimiwa. Umeokoa vifaa visivyohesabika visigeuke takataka. Lakini una upande wake mgumu: jozi mpya zikikosa kuunganika kwa sababu yoyote, kifaa hurudi kwenye jozi ya zamani na kuendelea na kazi, mara nyingi bila onyo lolote. Kebo ikiwa na waya nne tu, unarudi 480. Kigawanyo cha matundu kikiwa cha USB 2.0, unarudi 480 hata kama kompyuta na diski ni mpya. Hata namna ya kuchomeka ina athari. Kwenye plagi ya kawaida ya mstatili, pini tano mpya zimekaa nyuma ya zile nne za zamani na ndizo zinazogusana mwisho. Ukisukuma polepole, kompyuta inaweza kukitambua kifaa kwa pini nne za kwanza na kukisajili kama USB 2.0. Chomoa, kisha chomeka kwa msukumo mmoja hadi mwisho. Nimeona diski zilizokwisha kuhukumiwa kuwa mbovu zikipona hivyo.

Rangi ya bluu inasaidia, ila viwango vinaipendekeza tu, haviilazimishi. Wapo watengenezaji wanaoweka nyeusi kila mahali.

Upatanifu unapokatika

Kuna mahali ambapo ahadi ya vifaa vya zamani na vipya kufanya kazi pamoja haitimii. Plagi ya USB 3.0 ya umbo la B, lile la printa na diski kubwa, ina kichwa kilichoongezwa juu, hivyo haiingii kwenye tundu la B la zamani. Kinyume chake huwezekana.

Lililowatesa mafundi zaidi ni la programu. Windows 7 ilitoka mwaka 2009 bila draiva ya kuendesha matundu ya USB 3.0. Kwenye mashine ambazo matundu yote yanaendeshwa na kidhibiti kipya, mtu alianzisha usakinishaji kutoka kwenye flashi, skrini ya kwanza ikaja, kisha programu ikadai draiva inakosekana, na kibodi na kipanya vikazima. Flashi iliyoianzisha kazi haionekani tena! Suluhisho ni kuingiza draiva ndani ya flashi kabla ya kuanza, au kutafuta tundu la 2.0 pale lilipo. Linux ilikuwa imeanza kuitambua USB 3.0 tangu toleo 2.6.31 la mwaka huohuo wa 2009.

Umeme nao. Tundu la USB 2.0 linapaswa kutoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900. Diski ya nje ya kuzunguka ikikosa umeme hutoa mlio wa kugonga, huwaka na kuzima. Ukiusikia mlio huo, acha kunakili na uhamishe tundu kwanza. Kuendelea kulazimisha kunaweza kuharibu mafaili ya mtu.

Majina, na umbo la C

Mwaka 2013, iliyokuwa USB 3.0 ilibatizwa USB 3.1 Gen 1. Mwaka 2017 ikawa USB 3.2 Gen 1. Kasi ni ileile, gigabiti 5. Kwa maoni yangu, hili lilimkosea mnunuzi waziwazi, kwa sababu namba ilipanda na bidhaa ikabaki palepale. Msomeeni mteja gigabiti, msimsomee toleo.

Umbo la C, lililotoka 2014 likiwa na pini 24, limeondoa hata dalili ya macho. Simu ya iPhone 15 ya mwaka 2023 ina tundu la C lenye kasi ya USB 2.0, wakati iPhone 15 Pro, yenye tundu la umbo lilelile, hufika gigabiti 10. Kebo nyingi za C zinazokuja na simu ni za kuchaji, na data yake huishia megabiti 480.

Kwa hiyo katika kipindi cha vitendo baada ya chai, kila kundi litapewa kebo ambazo hazijaandikwa chochote, pamoja na diski moja ya gigabiti 5. Mtaziunganisha moja baada ya nyingine kwenye kompyuta yenye Linux na kutoa amri ya lsusb -t. Mwisho wa mstari wa diski mtasoma 480M au 5000M. Andikeni kasi hiyo kwenye karatasi ya gundi na muibandike kwenye kebo yenyewe, karibu na plagi, kabla ya kuirudisha sandukuni.