Kolajeni na Maumivu ya Magoti: Tumwambie Nini Mteja?

Mada kwa semina ya wafamasia na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu



Mteja anayelalamika kuwa "ute wa magoti umekwisha" hukuta kwenye rafu zetu unga na vidonge vya kolajeni, bei kubwa na ahadi kubwa zaidi. Tumwambie nini kabla hajatoa fedha?

1. Kinachotokea gotini

Gegedu linalofunika ncha za mifupa ni maji na nyuzi za kolajeni, hasa ya aina ya pili. Katika ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo (osteoathritisi), gegedu hulika, mfupa ulio chini yake hubadilika na utando wa kiungo huvimba. Kwa kuwa gegedu halina mishipa ya damu, likishalika hupona kwa shida sana.

2. Bidhaa mbili tofauti

Kolajeni iliyovunjwavunjwa hunywewa kwa gramu. Tafiti nyingi zimetumia takriban 10 kwa siku. Tumbo huimeng'enya kama protini nyingine, wala haiendi moja kwa moja gotini. Ile isiyovunjwa hutoka kwenye gegedu la kidari cha kuku, miligramu 40 tu kwa siku, na inadhaniwa kufanya kazi kupitia kinga ya mwili. Basi tusizilinganishe kwa uzito. Supu ya kongoro nayo ikipoa huganda kwa jelatini itokanayo na kolajeni. Ni chakula kizuri, ila kiasi hutofautiana chungu kwa chungu.

3. Ushahidi

Utafiti uliochapishwa 2016, wa watu 191 kwa siku 180, ulionyesha nafuu kwa waliotumia kolajeni isiyovunjwa. Hata hivyo, tafiti nyingi za kolajeni ni ndogo, na baadhi zimelipiwa na watengenezaji. Tukumbuke pia utafiti wa GAIT wa Marekani, 2006, uliopima virutubisho vingine vya viungo, glukosamini na kondroitini, kwa watu 1,583: waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 60 walipata nafuu. Kwa hiyo ushuhuda wa jirani aliyepona hautoshi. Na hakuna ushahidi thabiti kwamba kolajeni huotesha gegedu upya.

4. Mapendekezo

(a) Tuanze na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kupunguza uzito kwa mnene: kila kilo 1 inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua. Dawa ya kupaka, kama diklofenaki, nayo itangulie.

(b) Anayetaka kolajeni ayapime maumivu yake kwa alama 0 hadi 10, aandike, atumie bidhaa moja kwa miezi 3, kisha apime tena. Alama isiposhuka, aache.

(c) Tumsomee chanzo kwenye lebo: ng'ombe, nguruwe, samaki au kuku. Muislamu na mwenye mzio wa samaki wana haki ya kujua.

(d) Goti lililovimba ghafla, lenye joto, pamoja na homa, tusiliuzie kitu. Mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo.