Matokeo Tumeyasikia, Maarifa Yako Wapi?

Matokeo ya kidato cha nne umekwisha kuyasikia. Waliopata divisheni wani umewasikia, waliopata ziro umewasikia, na simu za wazazi tangu juzi hazijatulia. Hatutayarudia hapa. Kinachotutia wasiwasi hakikutajwa kabisa katika tangazo lile: vijana wetu wamejua nini?

Wamejua nini, si wamepata ngapi.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini mashindano yamebaki, na kinachoyalisha ni kukariri. Tumelisema hili na tutalisema tena: kukariri! Mtoto anapewa desa, anapewa maswali ya mitihani iliyopita, jioni anapelekwa tuisheni kufundishwa majibu. Atakutajia njia zote za kuzuia mmomonyoko wa udongo bila kukwama, na shamba la babu yake linasombwa na mvua kila masika. Hakuna aliyewahi kumpeleka pale akamuuliza, hapa tufanyeje? Habari anazo. Maarifa hana.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Machi 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alilalamikia shule zinazomtenga kijana na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa ya maana yanatoka vitabuni na kwa wasomi tu. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ukageuzwa ili ujenge umahiri. Umahiri ukaandikwa, kukariri kukaendelea.

Na nchi hii inajua kufundisha. Wazee wanaotusikiliza wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Karibu watu milioni mbili, wengi wao wakulima, walikutana kwa vikundi, wiki hadi wiki, kwa wiki kumi na mbili. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, kisha redio ikazimwa. Hapo ndipo somo lilipoanza! Waliulizana: malaria huku kwetu inatoka wapi? Maji tunayokunywa yakoje? Kijitabu kiliweza kueleza choo kinavyochimbwa, lakini hakikujua kisima cha kijiji kiko wapi wala maji ya mvua yanateremkia upande gani. Hayo waliyajua wao. Wakajadiliana, wakakubaliana, wakashika majembe. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, vichaka vikafyekwa.

Redio ilileta habari tu. Watu wenyewe ndio waliozigeuza kuwa maarifa, kwa kuulizana na kwa kutenda, na busara ya kuamua choo kikae wapi haikutoka studio. Tunalisema hili sisi tunaoishi kwa kutangaza habari: habari peke yake haijamfundisha mtu.

Leo habari zimejaa kuliko wakati wowote. Simu ya mkononi inatoa jibu kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali ubaoni, na sasa akili mnemba inaandika insha nzima. Kijana aliyefundishwa majibu tu ataingia katika dunia hii na kitu gani? Majibu kila mtu anayo! Anayehitajika ni mtu wa kuuliza kama jibu ni la kweli, kama linafaa hapa, na nani ataumia likifuatwa.

Tunajua darasa limefurika na mwalimu amechoka. Tunajua pia kwamba mwalimu anapimwa kwa ufaulu, na ufaulu unapimwa kwa kukariri. Kwa hiyo tunaanza na watungaji wa mitihani: tungeni maswali ambayo desa halina majibu yake. Mkifanya hivyo, tuisheni za kukariri zitakosa wateja. Walimu, mwanafunzi anayeuliza kwa nini, msimnyamazishe. Huyo ndiye anayejifunza. Wakuu wa shule, fungueni maabara! Wananchi walichangishwa fedha kuzijenga, na watoto wao wanastahili kushika vifaa vile kwa mikono yao, si kuvichora daftarini.

Nawe mzazi, mwanao yuko nyumbani sasa, amemaliza. Swali la amepata ngapi lisimamishe leo. Mchukue hadi shambani, dukani, gereji, popote unapopatia riziki. Mwonyeshe tatizo moja lililokushinda, mwache alichunguze, abishane nawe, ajaribu, akosee, ajaribu tena. Anza wiki hii!