Lehemu ya Tumbili na Mafuta ya Mlo

Lawrence Rudel na wenzake nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, waliwalisha tumbili mafuta ya aina mbalimbali kwa miaka 5, wakabaini kuwa mafuta yaliyoshiba, ambayo aghalabu huganda yakipoa, yaliongeza LDL, yaani chembe zinazosambaza lehemu mwilini, kuliko mafuta yasiyoshiba.

La kushtua zaidi ni kwamba mafuta yasiyoshiba yenye asidi ya oleiki kwa wingi, ingawa yalishusha LDL bila kupunguza HDL, chembe zinazorudisha lehemu kwenye ini, hayakuwakinga wanyama hao: mishipa yao ya moyo iliota utando wa mafuta sawa na ya waliokula mafuta yaliyoshiba, yaelekea kwa kuwa LDL yao ilisheheni lehemu iliyoungana na asidi hiyohiyo, jambo ambalo kipimo cha kawaida cha damu hakilionyeshi.