Katse: Maji ya Lesotho, Bomba la Johannesburg

Mkazi wa Johannesburg anapofungua bomba, sehemu ya maji hayo imevuka mpaka. Yametoka Katse, milimani Lesotho, kwenye bwawa lililokamilika mwaka 1996. Ukuta wake wa zege, wenye kimo cha mita 185, umepinda ili uzito wa maji usukumwe kwenye majabali ya kandoni.

Faida ipo, msikilizaji. Mkataba wa 1986 kati ya Lesotho na Afrika Kusini unaipa Lesotho mrabaha wa maji hayo, na maji yakipita mahandakini huzalisha umeme kwenye kituo cha Muela.

Sasa tugeukie upande wa pili. Wanavijiji walipoteza mashamba na malisho, na jirani na ziwa la bwawa hilo wapo ambao bado wanategemea chemchemi badala ya bomba. Hili halikubaliki.

Je, kabla maji hayajasafirishwa, nani alipaswa kuunganishiwa bomba kwanza?