Kodi na Gharama za Makazi



Kila mfanyakazi anahitaji makazi bora. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiwatazami wafanyakazi wote kwa jicho moja.

Mwalimu wa shule ya serikali anayepewa posho ya nyumba hatozwi kodi ya mapato juu ya posho hiyo. Mwenzake wa shule binafsi, katika mji huohuo wa Arusha, hutozwa kana kwamba ni mshahara. Na yule anayejenga polepole huko Ngaramtoni au Usa River hapunguziwi hata senti moja, kwani saruji na mabati yake huhesabiwa kuwa matumizi binafsi.

Katika maghorofa hali ni hiyohiyo. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawataka wenye nyumba waunde chama na kuchangia matunzo ya ngazi, paa na mabomba. Mchango huo ni wa lazima, lakini hauondolewi katika mapato ya mfanyakazi anayeishi humo. Mfanyabiashara wa kupangisha, kinyume chake, huruhusiwa kuondoa gharama zilizomletea mapato, mradi ana hesabu na risiti.

Ni kweli kwamba anayekaa kwake hatozwi kodi ya pango asilolipwa. Hata hivyo, mwaka 2023 kodi ya jengo la kawaida ilipanda kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka.

Basi wajibu wa wasomi ni kuisoma sheria, kuwaeleza wenzao, na kuwataka wabunge wapime: je, nafuu hii inamfikia mwenye haja nayo?