Sindano Ina Mahali Pake

Maelezo ya Afisa Mawasiliano wa Halmashauri kwa wananchi katika mkutano wa kijiji



Mimi si tabibu. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kuketi na wataalamu wetu wa afya, ambao kila siku husikia ombi moja: "Daktari, nichome sindano, vidonge havinisaidii." Wengi wetu tunaamini kwamba aliyepewa vidonge amepunjwa, na aliyechomwa sindano ndiye aliyetibiwa. Imani hiyo ina madhara.

Dawa iliyomezwa hupita tumboni kabla ya kuingia katika damu. Kwa magonjwa mengi njia hiyo inatosha kabisa. Njia nyingine hutumika kwa sababu maalumu. Insulini ya mgonjwa wa kisukari huchomwa chini ya ngozi kwa kuwa ikimezwa huharibiwa tumboni. Mwenye pumu huvuta dawa kwa mdomo ili ifike moja kwa moja katika mapafu. Mama aliyejifungua huchomwa oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa ili asipoteze damu nyingi. Kinachoamua njia ya dawa ni ugonjwa na hali ya mgonjwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni malaria. Mtoto mwenye malaria ya kawaida, anayeweza kumeza, hupona kwa dawa ya mseto. Lakini akipata degedege, akizimia au akitapika kila anachopewa, vidonge havifai tena. Hapo ndipo sindano ya artesuneti huokoa maisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo waliotibiwa Muheza na Korogwe, mkoani Tanga. Kati ya kila watoto 1,000 waliopewa kwinini, takriban 109 walifariki. Kwa waliopewa artesuneti walikuwa 85. Hata hivyo, mtoto huyo akishaweza kumeza, humalizia tiba kwa dawa ya mseto kwa siku tatu. Akiacha vidonge hivyo kwa kudhani kwamba sindano imemaliza kazi, ugonjwa unaweza kurudi.

Kwa vijiji vilivyo mbali na hospitali, ipo njia nyingine. Mtoto aliye chini ya miaka sita anaweza kuwekewa artesuneti katika njia ya haja kubwa, mara moja tu, kabla ya kupelekwa mbele. Utafiti uliofanyika Tanzania, Ghana na Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa kwa watoto waliochelewa kufika hospitali kwa zaidi ya saa sita, dawa hiyo ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa karibu nusu. Lakini dawa hiyo hununua muda tu. Mtoto akionekana kupata nafuu, msirudi naye nyumbani. Endeleeni na safari hadi apate tiba kamili.

Sasa niseme kuhusu hatari. Sindano iliyochomwa vibaya katika tako inaweza kuumiza mshipa wa fahamu na kumwacha mtoto akichechemea maisha yake yote. Bomba lililotumika kwa mtu mwingine linaweza kuleta homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Ndiyo maana yapo mabomba yanayojifunga baada ya kutumika mara moja, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi zote kutumia mabomba ya aina hiyo.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, nawaomba mambo manne. Msichomwe sindano nyumbani na mtu asiye mtaalamu, wala katika duka la dawa muhimu. Kazi ya duka hilo ni kuuza dawa. Hakikisheni bomba linafunguliwa mbele ya macho yenu. Mkiandikiwa vidonge, mezeni hadi mwisho. Na mkiona degedege, kuzimia, au mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, msisubiri kupambazuke. Mpelekeni kwenye kituo usiku huohuo.

Kuuliza ni haki yenu. Mwulizeni mtoa huduma: "Kwa nini sindano? Kwa nini vidonge?" Anao wajibu wa kuwajibu.