Bustani za Mitaa Yetu: Mbegu, Maji na Ardhi
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Tumeombwa na Halmashauri tuseme machache juu ya bustani za mboga katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambayo sote twaijua kwa jina la Eastlands. Twashukuru kwa heshima hiyo. Desturi ya mikutano kama hii ni kusifu kazi iliyokwisha kufanyika. Sisi tutasifu kidogo, kisha tutakiri kosa letu moja, kwa maana twaamini kwamba wanachama watapata faida kubwa zaidi katika kosa lile kuliko katika sifa.

Kulima mjini si jambo geni. Mtu aliyetoka kwao kuja kutafuta kazi Nairobi hakuacha ujuzi wake stesheni. Mwaka 1985 taasisi ya Mazingira ya hapa Nairobi ilichunguza miji 6 ya Kenya, ikaona kwamba katika kila nyumba 100 za mjini, 29 zilikuwa zikilima chakula ndani ya mji wenyewe. Hata hivyo, kwa miaka mingi mkulima wa mjini alilima kwa kuvizia. Askari wa baraza walipopita walifyeka mahindi, kwa hoja kwamba yaleta mbu na huwaficha wezi.

Hali hiyo ilibadilika polepole. Mwaka 2004 taasisi hiyo ya Mazingira ilisaidia kuanzisha jukwaa liitwalo NEFSALF, lililowakutanisha wakulima na wafugaji wa Nairobi, maofisa wa Serikali na watu wa biashara, na wakulima wengi wakapata masomo kwa njia hiyo. Mwaka 2015 Bunge la Kaunti ya Nairobi lilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kadhalika, katika kiwanja cha Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, huku kwetu Eastlands, lilianzishwa shamba la mafunzo liitwalo City Shamba, ili mkaaji wa mjini ajifunze kulima mahali padogo. Kwa hiyo leo hatuna haja ya kuuliza kama mtu wa Dandora, Kayole au Jericho aweza kulima. Twapaswa kuuliza alime namna gani, na tumsaidie kwa lipi.

Wako wanaodhani kwamba shamba la jumuiya ni ghala la kugawa mbegu. Nasi tulidhani hivyo. Mwaka wetu wa kwanza tuligawa miche ya sukuma wiki, managu na terere kwa kila aliyenyosha mkono, bila somo lolote. Wengi waliipanda katika udongo mgumu wa ua, wengine katika debe lisilo na tundu. Kabla ya mwezi kwisha sehemu kubwa ilikuwa imekauka au imeoza, nasi tukalilaumu jua.

Mwaka wa pili tulianza na masomo. La kwanza lilikuwa la gunia, kwa kuwa wengi wetu hatuna ua. Mkebe usio na kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto. Udongo uliochanganywa na samadi hutiwa kuuzunguka. Kisha mkebe huvutwa juu na kujazwa tena, hata gunia zima liwe na nguzo ya mawe katikati. Maji hupita katika nguzo hiyo na kufika chini, na miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Gunia moja lakaa mlangoni bila kumzuia mpita njia.

Somo la pili lilikuwa la mboji. Maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga kutoka vibanda vya soko, na samadi ya kuku au sungura hupangwa kwa matabaka, hunyunyizwa maji na kugeuzwa mara kwa mara. Baada ya miezi mitatu hivi, takataka iliyokuwa ikitunukia mlangoni huwa udongo mweusi usio na harufu mbaya. Vifaa navyo vilinunuliwa kwa shirika: majembe, reki na wilbaro moja, ambavyo mwanachama huazima na kuandikwa katika daftari. Jembe la mtu mmoja hulala siku sita; jembe la chama halilali.

Mboga zikasitawi, hata watu wa mitaa mingine wakaja kutazama. Hapo ndipo tunapofika kwenye kosa letu.

Karibu na matuta yetu palikuwa na bomba la maji machafu lililopasuka. Wakati wa kiangazi, mfereji wa maji safi ulipokauka kwa siku nyingi, baadhi yetu tulichota pale. Maji yale hayakuwa na bei wala hayakukatika, na yalikuwa na rutuba. Siku moja mama mmoja aliyekuja kuwanunulia wanawe mboga alituuliza, kwa adabu, mbele ya watu: “Ndugu zangu, maji haya mnayonyunyizia yatoka wapi?” Hatukuwa na jibu tuliloweza kulitamka. Wiki ile tuling’oa matuta yote yaliyonyweshwa maji yale, na waliokwisha kulipa tukawarudishia fedha zao.

Hatukuwa wa kwanza. Katika sehemu za Maili Saba, wakulima wametumia maji machafu kwa miaka mingi kwa sababu hizo hizo, na si haki kuwaita watu wabaya. Lakini maji hayo huleta mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara, na penye viwanda huweza kuleta madini yenye sumu. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za uchunguzi wa watoto 328 waliokaa karibu na jaa la Dandora. Karibu nusu yao walionekana kuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi cha kutia hofu. Sumu hiyo yaweza kuingia kwa hewa na kwa udongo, wala hatusemi kwamba ilitoka katika mboga. Twasema tu kwamba, katika mitaa yenye hatari kama hiyo, mkulima asiongeze nyingine. Minyoo yaweza kupunguzwa kwa kuosha majani. Risasi iliyokwisha kuingia ndani ya jani haioshwi.

Kwa hiyo tangu siku ile shamba letu lina masharti manne. Mboga za majani hunyweshwa maji ya bomba au ya mvua iliyokingwa kwenye mabati. Maji hutiwa shinani, si juu ya majani. Udongo wa karibu na jaa, gereji au barabara kubwa hautumiki. Afadhali gunia lenye udongo uliotoka mahali panapojulikana. Na mnunuzi yeyote ana haki ya kuuliza maji yametoka wapi, nasi tuna wajibu wa kumwonyesha.

Neno la mwisho ni la ardhi. Mvua ya Aprili na Mei mwaka 2024 ilipofurisha mito ya Nairobi, Serikali iliwaamuru waliokaa ndani ya mita 30 za kingo wahame. Aliyelima kando ya mto asitazamie kwamba atapaona pale ni pake daima. Hata viwanja vya katikati ya nyumba, kama vile vya Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, vyatazamwa leo na wengi wenye haja ya kujenga. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ruhusa ya kulima iliyotolewa kwa mdomo huondoka na aliyeitoa.

Basi twaomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, pasigawiwe mche wala mbegu kabla ya aupokeaye kupata somo moja. Pili, Chama kinunue matangi ya kukingia maji ya mvua kabla ya kununua kitu kingine chochote cha bustani. Tatu, Halmashauri ipeleke maombi kwa Kaunti ili kila kipande tunacholima kiwe na ruhusa ya maandishi, yenye mipaka na muda wake.

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Mama yule aliyetuuliza swali leo ni mwanachama wetu, naye ndiye ashikaye ufunguo wa pipa la maji.